Majina ya Watakatifu wa Lubaga: Historia ya Jimbo Kuu la Kampala na Mashahidi Wasimamizi Wake

Katika vilima vya mji wa Kampala, kila kimoja kina mwenyewe. Mengo ni cha Kabaka, Namirembe ni cha Waanglikana, Kibuli ni cha Waislamu, na Lubaga ni cha Wakatoliki. Kabla ya Wakatoliki, Lubaga palikuwa na kasri ya Kabaka Mutesa wa Kwanza. Mwanawe Mwanga, aliporudishwa kitini mwaka 1889 kwa msaada wa Wakristo, aliwakatia mapadri ardhi pale, na hapo ndipo lilipo mpaka leo kanisa kuu la Bikira Maria, lililotabarukiwa tarehe 31 Desemba 1925. Asomaye vitabu vya zamani hukuta kilima hiki kimeandikwa Rubaga. Si kilima kingine. Kiganda hakizitengi l na r kama Kiswahili kizitengavyo: r huja baada ya vokali e na i tu, na mahali pengine pote ni l. Wageni walioandika kwanza hawakuijua kanuni hiyo, wakaandika kwa kadiri masikio yao yalivyowaambia, mpaka mkutano wa tahajia wa mwaka 1947 ulipolisawazisha jambo hilo.

Suala hili dogo la herufi halikosi maana katika historia ya Jimbo Kuu la Kampala. Jimbo hili lina mashahidi 22 ambao Kanisa zima huwaheshimu tarehe 3 Juni, nao ni wasimamizi wa Uganda na wa mambo mengi ya Afrika. Habari za kufa kwao zimeandikwa mara nyingi na kwa lugha nyingi. Ambalo halijatazamwa vya kutosha ni majina yao. Majina hayo ni hati ya kihistoria yenye kutegemeka kama barua yoyote ya mmisionari, maana hueleza nani alimfundisha nani, kwa lugha gani, na kwa haraka gani.

Wamisionari wa Afrika, ambao wengi huwaita Mapadri Weupe kwa ajili ya kanzu zao, walianzishwa mjini Algiers mwaka 1868 na Askofu Mkuu Charles Lavigerie. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza wa Afrika ya Mashariki ulipitia Unguja na Bagamoyo, ukaingia bara kwa njia ile ile ya wachukuzi na wafanya biashara. Padri Joachim Pascal alifariki njiani mwezi wa Agosti. Waliosalia wa tawi la Nyanza, chini ya Padri Léon Livinhac, walifika kusini mwa ziwa mwishoni mwa mwaka, na kutoka huko Padri Siméon Lourdel na Bruda Amans wakatangulia kwa mtumbwi, wakashuka Kigungu karibu na Entebbe tarehe 17 Februari 1879. Lourdel alikuwa na umri wa miaka 25. Waganda waliwasikia wenzake wakimwita kwa Kifaransa kwa neno lenye maana ya baba yangu, wakamwita Mapera; na jina hilo likamganda hata baada ya kufa kwake mwaka 1890. Leo liko juu ya jengo refu katikati ya Kampala. Mswahili alisikiapo kwa mara ya kwanza hudhani padri huyo alikuwa mpenda matunda.

Nchi waliyoifikia haikuwa ngeni kwa mambo ya pwani. Ahmed bin Ibrahim alikuwa amekwisha fika katika baraza la Kabaka Suna tangu mwaka 1844, na Mutesa, mrithi wa Suna, alifunga Ramadhani kwa muda wa miaka kama kumi tangu 1867. Kasri yake ilikuwa na watu wenye kusoma hati za Kiarabu na wenye kusema Kiswahili. Mwanglikana Alexander Mackay, aliyewasili mwezi wa Novemba 1878, alisoma Injili mbele ya Kabaka katika tafsiri ya Kiswahili ya Askofu Edward Steere, na watu wa kasri wakaifuata. Kwa hiyo Ukristo ulipoingia Buganda uliukuta mlango umekwisha funguliwa, na uliyeufungua alikuwa Mwislamu asemaye Kiswahili.

Ushahidi wake umo katika maneno yenyewe. Mganda wa leo, awe wa madhehebu gani, husema eddiini, ekitabo, omusaalaba, malayika, sitaani. Yote haya ni maneno yaliyopita pwani kabla ya kufika ziwani, na mengi yalitoka Uarabuni kabla ya pwani. Lililo kubwa kuliko yote ni okusoma. Kwa Waganda wa zama zile kusoma hakukuwa kutambua herufi tu. Kulikuwa kuandama dini, na wafuasi wa dini mpya waliitwa abasomi, yaani wasomaji, ikiwa wamesilimu au wamebatizwa. Mwislamu akisimama kwa swala, Kiganda chasema anasaala. Mkristo akienda kanisani, asoma. Lugha moja ya pwani imewapa wote wawili kitenzi, nao wakagawana.

Kisha ukaja mgawanyo mwingine, baina ya Wakristo wenyewe. Waanglikana waliendelea kuchota katika kisima cha Kiswahili, na hivyo Kanisa kwao ni Ekkanisa. Wakatoliki walirudi kwa Kilatini, wakasema Eklezia. Waanglikana husema Yesu, Wakatoliki husema Yezu. Tofauti hii ya herufi moja iliwahi kutosha kumtambulisha mtu alikobatizwa, na Kiswahili nacho chaifahamu, kwani hata sasa Mkatoliki wa Tanzania husema Kristu pale ambapo Mlutheri husema Kristo. Watu wa kawaida wa Buganda hawakujishughulisha na elimu hiyo. Waliwaita Wakatoliki Wafaransa na Waanglikana Waingereza, kana kwamba imani ni taifa. Majina hayo mawili yalileta msiba, kama itakavyoonekana.

Kabla ya kufika huko yapasa kutaja jambo ambalo mara nyingi huachwa nje ya historia za jimbo hili. Watu wa kwanza kuuawa Buganda kwa ajili ya dini ya kitabu hawakuwa Wakristo. Mnamo mwaka 1876 Mutesa aliwaua vijana wa kasri waliosilimu, waliokataa kula nyama iliyochinjwa na watu wake na kukataa kusali nyuma ya mfalme asiyetahiriwa. Wengi wao waliuawa Namugongo, mahali palipokuwa pa kutekelezea hukumu za Kabaka. Mahali hapo hapo, miaka kumi baadaye, ndipo walipochomwa wale ambao kanisa la hija limejengwa kwa jina lao. Mwanahistoria aanzaye hesabu ya mashahidi wa Namugongo mwaka 1886 huanza katikati ya habari.

Wakatoliki wanne wa kwanza walibatizwa tarehe 27 Machi 1880, Jumamosi Kuu. Mwezi wa Aprili 1882 walibatizwa Yosefu Mukasa, mtumishi wa karibu wa Kabaka, na Andrea Kaggwa, aliyechukuliwa mateka toka Bunyoro akiwa mtoto akawa mkuu wa wapiga ngoma na tarumbeta wa mfalme. Mwezi uliofuata walibatizwa Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu. Habari za Matia ni muhtasari wa habari za nchi: alianza na Uislamu, akaenda kwa Waanglikana, kisha akafika kwa Mapadri. Alikuwa mtu mzima, mwenye cheo chini ya chifu mkubwa, na wala hakuwa mtu wa kurukaruka. Kila alipohama alihama kwa sababu.

Mwezi wa Novemba 1882 mapadri waliondoka Buganda, wakivuka ziwa kwenda kusini, wakaweka makao Bukumbi karibu na Mwanza. Hawakurudi mpaka Julai 1885, baada ya Mutesa kufa na Mwanga kuwakaribisha. Kwa muda wa karibu miaka mitatu Wakatoliki wa Buganda hawakuwa na padri hata mmoja, na mapadri waliporudi wakakuta kundi limeongezeka. Waliolilisha walikuwa Yosefu Mukasa katika kasri, Andrea Kaggwa nyumbani kwake, na Matia na Luka huko Mityana. Jimbo hili, kwa maana ya watu waliokusanyika kwa imani moja, lilikuwako hasa katika miaka hiyo mitatu, ingawa katika makaratasi ya Roma lilihesabiwa tangu 1883, mwaka ilipotangazwa Vikariati ya Kitume ya Nyanza na Livinhac akateuliwa kuwa mkuu wake.

Mwanga alikuwa kijana, na hofu zake hazikuwa za bure zote. Wadachi walikuwa wamekwisha anza kutwaa nchi za pwani, na watu wa baraza lake walimkumbusha unabii kwamba atakayeila Buganda atatoka mashariki. Kwa hiyo Askofu James Hannington wa Kianglikana alipoingia kwa njia ya Busoga, aliuawa kwa amri ya Kabaka tarehe 29 Oktoba 1885. Yosefu Mukasa alimkemea bwana wake kwa kumwua mgeni bila ya kumsikiliza. Na tena kwa muda alikuwa akiwaficha vijana wa kasri wasifikiwe na tamaa ya mfalme. Tarehe 15 Novemba alikatwa kichwa Nakivubo. Siku hiyo hiyo Karoli Lwanga, aliyeshika mahali pake juu ya vijana, alibatizwa.

Mauaji makubwa yalianza mwishoni mwa Mei 1886 huko Munyonyo kando ya ziwa. Denis Ssebuggwawo alipigwa na Kabaka mwenyewe kwa kosa la kumfundisha mwenzake katekisimu, kisha akamalizwa na wauaji. Andrea Kaggwa na Ponsiano Ngondwe waliuawa tarehe 26. Usiku uliotangulia, katika banda la vijana, Karoli Lwanga aliwabatiza wanne ambao walikuwa bado ni wakatekumeni: Kizito, Gyavira, Mugagga na Mbaga Tuzinde. Kizito alikuwa na umri wa miaka kama 14. Asubuhi waliitwa mbele ya Kabaka, wakaambiwa wanaosali wajitenge, nao wakajitenga. Safari ya kwenda Namugongo ilichukua maisha ya wengine njiani. Matia Kalemba alikatwa viungo katika kilima cha Kampala ya Kale, akaachwa afe mwenyewe, na yasemekana alikawia siku tatu. Alhamisi ya Kupaa, tarehe 3 Juni 1886, Wakatoliki 13 walikufa motoni Namugongo. Lwanga alichomwa peke yake na mapema, polepole, kuanzia miguuni. Pamoja nao walichomwa Waanglikana. Wa mwisho katika hesabu ya 22, Yohana Maria Muzeeyi, alikatwa kichwa tarehe 27 Januari 1887.

Sasa yatazamwe majina. Katika watakatifu hawa 22, kumi na saba wana jina la ubatizo mbele ya jina la nyumbani, na watano hawana. Majina kumi na saba yenyewe ni ya namna mbalimbali. Yako yenye sura ya Kilatini kilichovikwa vokali za Kibantu: Karoli, Ponsiano, Adolfu, Ambrosi, Atanasi. Yako yaliyobaki na harufu ya Kifaransa: Denis, Achile. Gonzaga si jina la mtu bali ni la ukoo wa Kiitalia wa Mtakatifu Aloisi, likageuzwa kuwa jina la kwanza. Yohana Maria ni majina mawili yaliyofungwa pamoja kama Wafaransa wayafungavyo. Noe Mawaggali, mfinyanzi wa Mityana, ana jina la nabii kwa matamshi ya Kilatini. Linganisha na vijana watatu wa Kianglikana waliouawa tarehe 31 Januari 1885: waliitwa Makko Kakumba, Yusufu Lugalama na Nuwa Serwanga. Nuwa na Noe ni nabii mmoja, mwenye safina moja. Yusufu na Yosefu ni mwana mmoja wa Yakobo. Waanglikana waliwabatiza watu wao kwa majina yaliyokaribia sauti za Kiarabu na za pwani, Wakatoliki kwa majina ya Roma. Mtu akipewa orodha ya majina matupu, bila ya habari nyingine, ataweza kutenga madhehebu kwa kiasi kikubwa.

Majina ya nyumbani nayo hayakunyamaza. Mukasa, jina la watatu katika 22, ni jina la mzimu mkuu wa ziwa la Nyanza. Kibuuka ni mzimu wa vita. Hapana aliyemtaka Ambrosi Kibuuka aliache jina hilo, na hivyo litania ya Kanisa Katoliki inamwita kila mwaka, katikati ya watakatifu, mtu mwenye jina la mungu wa vita wa Waganda. Muzeeyi lilikuwa jina la utani, alilopewa Yohana Maria kwa busara yake iliyozidi umri. Mswahili halihitaji tafsiri, kwa maana ni mzee yule yule wa pwani, amevuka nchi na kuvalishwa vokali ndefu. Balikuddembe, jina la sifa la Yosefu Mukasa, lina ndani yake neno ddembe, ambalo ni amani na ni uhuru kwa pamoja. Kiswahili hakina neno moja liwezalo kuyabeba yote mawili.

Wale watano wasio na jina la ubatizo ndio wenye fundisho kubwa. Wanne kati yao ndio waliobatizwa na Lwanga usiku ule wa Munyonyo. Hapakuwa na kitabu cha ubatizo wala cha majina ya watakatifu, hapakuwa na msimamizi wa ubatizo. Palikuwa na maji na hofu ya asubuhi. Wa tano, Mukasa Kiriwawanvu, alikuwa kifungoni wenzake walipobatizwa, hakubatizwa na mtu yeyote. Kanisa lilikiri kwamba amebatizwa kwa damu yake. Desturi ilitaka Mwafrika aingie Kanisani kwa jina la mtakatifu wa Ulaya au wa Biblia; watano hawa waliingia kwa majina waliyopewa na baba zao, na baada ya kuingia majina hayo yakawa ya watakatifu. Mtoto wa Bukoba, wa Moshi, wa Kisumu au wa Kivu abatizwapo Kizito hupewa jina la Kiganda kwa sheria ile ile iliyokuwa ikimpa Mganda jina la Kiitalia. Buganda kila ukoo una majina yake, na mtu hutambulikana ukoo wake kwa jina lake. Kizito limetoka katika mipaka hiyo likawa la kila mtu, na haionekani kwamba kuna jina jingine la nyumbani katika nchi za maziwa lililosafiri mbali zaidi kwa njia ya ubatizo.

Kwa Kiswahili mtakatifu wa namna hii huitwa msimamizi, na pia huitwa somo. Neno hili la pili lastahili heshima kubwa kuliko ipewayo. Pwani, somo ni mwenye jina moja nawe. Ni rafiki wa siri. Na ni mwanamke mzima amfundishaye mwari mambo ya utu uzima. Wakatoliki wa bara walipolichukua na kusherehekea siku ya somo, walichukua maana zote tatu bila ya kukusudia: mtakatifu ni mwenye jina lako, ni msiri wako, ni mfundishaji wako. Kiganda hufuata njia nyingine, kikimwita omuwolereza, mtetezi, kama amteteaye mtu barazani. Tofauti hiyo yafanana na tabia za jamii mbili: moja hufikiri kwa udugu wa majina, nyingine kwa baraza la mfalme.

Neno la shahidi nalo lina safari yake. Kiganda chasema omujulizi, kutoka okujulira, kutoa ushahidi. Kiswahili chasema shahidi, neno la Kiarabu ambalo Waislamu hulitumia kwa afaye katika njia ya Mungu na mahakama hulitumia kwa aliyeona kosa. Kigiriki kilifanya vivyo hivyo kabla ya lugha zote hizo. Siku hizi waandishi wengine wa Kikatoliki hupenda kusema mfiadini, kwa kuogopa kwamba shahidi litachanganywa na mtu wa mahakamani. Hofu hiyo haina msingi, na hasara yake ni kubwa. Mfiadini aeleza jinsi mtu alivyokufa. Shahidi aeleza alikufa akifanya nini. Hesabu ya watakatifu hawa yenyewe ilitengenezwa kwa ushahidi wa maana ya kawaida: vijana waliosamehewa pale Namugongo, Denis Kamyuka mmojawapo, waliishi wakaeleza waliyoyaona, na kwa maelezo yao Papa Benedikto wa Kumi na Tano aliwatangaza wale 22 kuwa Wenye Heri tarehe 6 Juni 1920. Neno moja laweza kuwatosha waliokufa na waliosimulia.

Mambo ya utawala wa jimbo yaweza kuelezwa kwa ufupi. Tarehe 24 Januari 1892 Wafaransa na Waingereza, yaani Wakatoliki na Waanglikana wa Kiganda, walipigana Mengo. Bunduki za Kapteni Frederick Lugard ziliwasaidia hao wa pili, na kanisa la Lubaga likaungua. Askofu Jean-Joseph Hirth alikimbia pamoja na waumini kuelekea kusini, na kutokana na kukimbia huko ukaanzishwa mwaka ule ule utume wa Kashozi karibu na Bukoba. Kanisa la Bukoba, lililomtoa Laurean Rugambwa, Kardinali wa kwanza Mwafrika mwaka 1960, ni mtoto wa ule moto wa Lubaga. Mwaka 1894 Roma iliigawa Nyanza. Kusini alipewa Hirth. Mashariki waliletwa mapadri wa Mill Hill kutoka Uingereza, makusudi ionekane kwamba Mkatoliki si lazima awe Mfaransa, nao wakakaa Nsambya. Lubaga ikabaki na Nyanza ya Kaskazini, ambayo Askofu Henri Streicher aliitawala tangu 1897 hadi 1933, na ambayo mwaka 1915 iliitwa Vikariati ya Uganda.

Streicher alikuwa mtu wa seminari kuliko wa majengo. Tarehe 29 Juni 1913, Villa Maria, aliwapa upadri Basil Lumu na Victor Mukasa, Waganda wa kwanza. Tarehe 29 Oktoba 1939 Joseph Kiwanuka aliwekwa kuwa askofu na Papa Pius wa Kumi na Mbili mjini Roma, akakabidhiwa Masaka, nchi iliyokatwa katika vikariati ile, iongozwe na mapadri wazalendo watupu. Mwaka 1953 Lubaga ikawa jimbo kuu. Kiwanuka akahamia huko kuwa Askofu Mkuu, akafariki Februari 1966. Na mwezi wa Agosti mwaka huo Lubaga na Nsambya, zilizotengwa kwa ajili ya ugomvi wa mataifa mawili ya Ulaya, ziliunganishwa kuwa Jimbo Kuu la Kampala chini ya Emmanuel Nsubuga, aliyefanywa Kardinali mwaka 1976.

Katika habari hizi zote Kiswahili kilipatwa na jambo la ajabu. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kienezwe Uganda, waliokipinga walikuwa ni Kabaka Daudi Chwa pamoja na maaskofu wa pande zote mbili, Wakatoliki na Waanglikana. Walikuwa na hoja zao. Kiganda kilikuwa kimekwisha kuwa lugha ya vitabu na ya sala, na Kiswahili kilinuka biashara ya utumwa, kambi ya askari na utawala wa walowezi wa Kenya. Lakini waliyasema hayo kwa lugha iliyojaa dini, kitabu, msalaba na kusoma, na hapana dalili kwamba yeyote alikumbuka yalikotoka. Amri ya Idi Amin ya mwaka 1973 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa haikukisaidia. Ilithibitisha tu kwamba ni lugha ya mwenye bunduki. Badiliko la katiba la mwaka 2005 lilikipa nafasi ya lugha rasmi ya pili, na utekelezaji wake umekwenda polepole.

Papa Paulo wa Sita aliwatangaza wale 22 kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, wakati wa Mtaguso wa Pili wa Vatikani, naye katika hotuba yake akawakumbuka Waanglikana waliokufa pamoja nao. Mwaka 1969 alikuja mwenyewe Uganda, Papa wa kwanza kuikanyaga ardhi hii ya kusini mwa Sahara akiwa madarakani. Kanisa la Namugongo, lenye umbo la nyumba ya msonge ya Kiganda na nguzo 22, lilitabarukiwa tarehe 3 Juni 1975. Waanglikana wana mahali pao pa hija karibu na hapo, na Waislamu wana msikiti.

Kila mwaka mwishoni mwa Mei mahujaji huja kwa miguu kutoka Tanzania, Kenya, Rwanda na Kongo, wengine wakitembea majuma kadhaa. Njiani, Mhaya akutanapo na Mluo au Mnande, lugha waisemayo ni Kiswahili. Wafikapo Namugongo litania huimbwa kwa Kiganda, nao hujaribu kuyafuata majina. Konsonanti nzito za Kiganda huwashinda wengi: Kaggwa huwa Kagwa, Mugagga huwa Mugaga, na Ssebuggwawo hupoteza mawili kwa mpigo mmoja. Kiriwawanvu, ambaye hakubatizwa na mtu, huwatatiza kwa mkusanyiko wa nv. Kizito pekee hakimsumbui yeyote.